Kutunza habu na beringi za gari la rimoti

Beringi ya gurudumu ikifa, haifi peke yake. Gololi zikikwama kwa kutu au mchanga, ringi ya ndani inasimama huku ekseli ikiendelea kuzunguka ndani yake. Chuma kinasuguana na chuma, joto linapanda, na habu ya plastiki inaanza kulainika pale beringi inapokaa. Likishafika hapo, tundu la habu limepanuka, ekseli imechimbika, gurudumu linayumba, na beringi mpya utakayoweka itacheza ndani ya tundu lilelile. Kazi yote inayofuata ina shabaha moja: kuiwahi beringi wakati tatizo bado ni la beringi tu.

Habu ni kile kipande cha plastiki au aluminiamu mwishoni mwa mkono wa saspensheni, chenye beringi mbili ndani na ekseli ikipita katikati. Ya mbele hugeuka na usukani, ya nyuma imetulia. Gari la magurudumu manne lina habu nne, yaani beringi nane, kabla hujahesabu za giaboksi, difu (gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia) na mota.

Jua saizi kabla hujafungua

Vipimo vya beringi husomwa kwa mpangilio huu: tundu la ndani, kipenyo cha nje, unene, vyote kwa milimita. Magari mengi ya skeli ya 1/10 (moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi) hutumia 5x10x4 au 5x11x4 kwenye habu, na mengine huweka kubwa ya 10x15x4 upande wa ndani na ndogo ya 5x10x4 upande wa nje. Skeli ya 1/8 mara nyingi ni 8x16x5 pande zote mbili. Magari mengi ya Tamiya hutumia 5x11x4, ambayo kampuni hiyo huiita 1150, na magari yake kadhaa ya kuunganisha mwenyewe huja na bushi za plastiki (pete tupu zisizo na gololi) badala ya beringi. Kama gari lako lina bushi hizo, zitoe uweke beringi kabla hujawaza mabadiliko mengine yoyote.

Usikisie kati ya 5x10x4 na 5x11x4. Tofauti ni milimita moja tu ya kipenyo cha nje, na kwa macho zinafanana. Ya 10 itaingia kwenye tundu la 11 bila shida, itacheza kidogo, na baada ya kuendesha betri chache hadi ziishe utakuwa umeiharibu habu. Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia vipenyo), au soma namba iliyochongwa kwenye ringi: MR105 ni 5x10x4, MR115 ni 5x11x4. Herufi zinazofuata zinaeleza kifuniko. ZZ ni kifuniko cha bati pande zote mbili, 2RS ni sili ya mpira pande zote mbili. Kwenye habu za gari la vumbi na matope chukua 2RS. Bati huacha upenyo mwembamba kuzunguka ringi ya ndani, na vumbi laini hupenya hapo. Mpira unagusa ringi, kwa hiyo beringi inazunguka kwa uzito kidogo ikiwa mpya, na huo si ubovu.

Vifaa

Alenki (funguo za pembe sita) za milimita 1.5, 2, 2.5 na 3 zenye ncha kali, maana ncha iliyochakaa huharibu skrubu zisizo na kichwa. Spana ya boksi ya milimita 7 kwa nati za M4 za skeli ya 1/10, au ya 17 kwa nati kubwa za 1/8. Kisu chenye ncha nyembamba, mswaki mkavu, vitambaa visivyoacha nyuzi, chupa ya kioo yenye mfuniko, vaiti spiriti au alkoholi ya isopropili, grisi isiyopenyeka maji (ile ya vyombo vya majini inafaa sana), mafuta mepesi ya mashine, na gundi ya bluu ya kufungia skrubu. Gundi nyekundu iache. Ili kuilegeza utahitaji moto, na moto karibu na habu ya plastiki ni hasara tupu.

Kukagua bila kufungua chochote

Inua gari juu ya kitu kigumu, magurudumu yakining'inia. Shika tairi juu na chini, vuta na sukuma. Kisha shika kushoto na kulia, rudia. Mchezo mdogo sana ni wa kawaida. Ukisikia "tak-tak", usiilaumu beringi mara moja. Tazama kwa karibu mahali panaposogea. Ekseli ikisogea ndani ya ringi ya ndani, ekseli imeliwa. Ringi ya nje ikisogea ndani ya habu, tundu limepanuka. Habu nzima ikisogea, tatizo liko kwenye kingpini au boljointi (viungo vinavyoishika habu kwenye mkono wa saspensheni), na beringi zako pengine ni nzima. Gololi zenyewe zikilegea, gurudumu linainama kila upande ingawa ringi zote mbili zimeshika vizuri mahali pake.

Kuzungusha gurudumu kwa kidole na kuangalia linazunguka muda gani ni kipimo dhaifu. Difu, grisi na sumaku za mota isiyo na brashi vyote vinalizuia, hivyo gurudumu lenye beringi mbovu na lenye beringi nzima yanaweza kusimama pamoja. Ili upate jibu la kweli, toa gurudumu na utenganishe shafti (fimbo inayopeleka nguvu kwenye ekseli) na difu, kisha zungusha ekseli polepole kwa ncha za vidole. Ubovu husikika kwenye vidole kabla ya masikio: mkwaruzo wa mchanga, au vishimo vinavyorudi kila baada ya sehemu ya mzunguko. Mkwaruzo wakati mwingine huondoka kwa kusafisha. Vishimo haviondoki, kwa sababu njia ya gololi imebonyea, mara nyingi kwa kutua vibaya baada ya kuruka.

Angalia pia rangi. Unga wa kahawia kuzunguka ekseli ni kutu. Grisi iliyogeuka kijivu cheusi chenye kung'aa ni chuma kilichosagika. Plastiki iliyopata mng'ao au iliyovimba kando ya beringi inaonyesha kuwa joto limeshapita hapo.

Kufungua habu

1. Fungua nati ya gurudumu, toa gurudumu, kisha vuta heksi (kipande cha pembe sita kinacholishika gurudumu kwenye ekseli). Hapa ndipo pini ndogo hupotea. Kwenye heksi za milimita 12 ni chuma chembamba cha milimita 2 kinacholala kwenye tundu la ekseli, na kinadondoka ukigeuza gari. Weka kitambaa cheupe chini kabla hujavuta heksi.

2. Kwenye 1/8, heksi ya milimita 17 mara nyingi hufungwa kwa skrubu isiyo na kichwa inayobana pini. Safisha tundu la skrubu kwa ncha ya kisu kabla ya kuingiza alenki. Uchafu ukibaki ndani, alenki haizami hadi mwisho, nayo itazungukia juu juu mpaka pembe za skrubu ziishe. Skrubu ikigoma, ipashe joto sekunde chache kwa ncha ya pasi ya kuchomelea waya ili gundi ilainike.

3. Chomoa ekseli kuelekea upande wa difu. Kuna washa nyembamba, mara nyingi za unene wa milimita 0.1 au 0.2, kati ya beringi na heksi au kati ya beringi na bega la ekseli. Piga picha ya mpangilio wake kabla hujazigusa.

4. Toa beringi kwa kusukuma kutoka upande wa pili. Pitisha mpini wa alenki katikati ya habu, uuegemeze kwenye ukingo wa ndani wa beringi ya upande wa pili, gonga taratibu, hama upande, gonga tena. Ukigonga sehemu moja tu, beringi inakaa mshazari na kukwaruza tundu. Kwa habu ya aluminiamu iliyoshika sana, ipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele. Aluminiamu hutanuka zaidi ya chuma cha pua na cha kawaida, kwa hiyo beringi inalegea.

Kumbuka kuwa ukiitoa kwa kugonga ringi ya ndani, nguvu inapita kwenye gololi. Kama beringi iliingia kwa kubana na ukalazimika kuipiga kweli kweli, usiirudishe, hata ikionekana nzima.

Kusafisha, au kutupa

Beringi yenye kutu inayoonekana, yenye vishimo, au iliyobadilika rangi kwa joto, tupa. Kutumia nusu saa kuifufua ni kujichosha, maana kutu ikishachimba njia ya gololi inaacha ukali ambao hakuna mafuta yatakayoufuta. Safisha ile yenye vumbi au grisi iliyokauka tu.

Futa nje kwanza, la sivyo utaingiza uchafu ukifungua. Ingiza ncha ya kisu kati ya ringi ya ndani na ukingo wa sili, kwa pembe ya chini, uinue sili kidogo. Inaruka nje yenyewe. Usichimbe katikati ya mpira, kwa kuwa ndani yake kuna bati jembamba, na likikunjika sili haikai tena bapa. Vifuniko vya bati vya ZZ vingine vimeshikwa na waya mwembamba wa duara, unaotoka kwa sindano. Vilivyobonyezwa moja kwa moja havirudi vikishatolewa. Kama upande mmoja wa beringi unaonyesha gololi na mwingine kizimba cha plastiki kinachozishika, fungua ule wa gololi.

Weka beringi kwenye chupa yenye vaiti spiriti, bila sili. Tikisa dakika moja au mbili, mwaga, weka nyingine, rudia mpaka kimiminika kibaki safi. Sili za mpira zifute kwa kitambaa na sabuni. Dawa kali za kusafishia breki huzivimbisha. Fanya kazi hii penye hewa, mbali na moto na mbali na chaja ya betri.

Kausha kwa kupuliza, lakini shika ringi zote mbili zisizunguke. Watu wengi hupenda ile sauti ya beringi kavu ikizungushwa na upepo wa kompresa. Inazunguka haraka kuliko ilivyokusudiwa, haina mafuta hata tone, na ikiachana vipande vinakuja usoni. Ikishakauka, izungushe kwa mkono huku ukiibana kidogo upande mmoja, kisha mwingine. Ikikwaruza bado, osha mara moja zaidi. Ikikwaruza tena baada ya hapo, basi, itupe.

Grisi au mafuta?

Hesabu ndogo inamaliza ubishi. Tairi la kipenyo cha milimita 85, gari likienda kilomita 50 kwa saa, linazunguka kama mara 3,100 kwa dakika. Mota ya 3500 kV (yaani mizunguko 3,500 kwa dakika kwa kila volti) kwenye betri ya volti 7.4 inakaribia mizunguko 26,000 bila mzigo. Beringi ya habu ni ya polepole na inaishi kwenye uchafu, kwa hiyo grisi inaifaa. Ya mota ni ya kasi na iko mahali pasafi zaidi, kwa hiyo tone moja la mafuta mepesi linatosha; grisi nzito huko ndani huzuia na kupata moto.

Kiasi cha grisi kwa 5x10x4 ni kama punje moja ya mchele kwa jumla, ukigawa nusu kila upande. Kwa 8x16x5 ni kama punje tatu. Hiyo inajaza takriban theluthi ya nafasi iliyo wazi. Kwa gari linalopita matope na madimbwi jaza zaidi, hata nafasi yote. Utapoteza mwendo kidogo usioonekana barabarani, na maji yatakosa pa kukaa. Kwa gari la mashindano kwenye lami kavu fanya kinyume: mafuta matone mawili, na ukubali kurudia kazi hii mara kwa mara.

Dawa za kupuliza za kuondolea unyevu ni nzuri kwa kazi hiyo moja. Si kilainishi cha kudumu, na zinayeyusha grisi iliyokuwemo. Ukizipuliza kwenye habu ukaishia hapo, umeiacha beringi uchi.

Kurudisha

Safisha tundu la habu mpaka chini kabisa, hasa pembe ya ndani beringi inapogota. Chembe moja ya mchanga pale inaikalisha beringi mshazari. Paka utando mwembamba wa grisi kwenye ringi ya nje. Kwenye habu ya aluminiamu hii inazuia beringi kuganda kwa kutu.

Sukuma kwa ringi ya nje tu. Boksi la spana lenye kipenyo kinachopungua kidogo tu kile cha nje cha beringi linafaa, au beringi ya zamani ya saizi ileile. Kwa habu ya plastiki vidole gumba viwili vinatosha. Sikiliza na uhisi: beringi ikifika chini, kuna kugota kwa wazi. Kama sili zako ni mpira upande mmoja na bati upande mwingine, mpira uangalie nje, kwenye uchafu.

Futa ekseli, kagua sehemu beringi zinapokaa. Mikwaruzo midogo iondoe kwa msasa wa 1000, ukizungusha, si kwa kusugua urefu. Ukihisi ngazi kwa ukucha, ekseli imekwisha. Paka grisi kidogo, ipitishe, rudisha washa zilezile. Pini iweke na grisi kidogo ili isidondoke ukifunga heksi.

Skrubu ya kubana pini kwenye 1/8 ioshe nyuzi zake kwa alkoholi, weka tone moja dogo la gundi ya bluu, hakikisha skrubu inaangukia sehemu bapa ya pini, kaza. Iache dakika 20 kabla ya kugusa, na siku nzima kabla ya kukimbiza gari kwa nguvu. Gundi hii isiguse plastiki, maana baadhi ya plastiki hupasuka nayo.

Sasa nati ya gurudumu, ambayo huua beringi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ikilegea, pini inatafuna mfereji wa heksi. Heksi ya plastiki iliyotafunwa inazama ndani zaidi kila ukikaza, mpaka shingo yake inasukuma ringi ya ndani ya beringi. Gololi zinaanza kubeba msukumo wa ubavuni ambao hazikutengenezewa, gurudumu linakuwa zito, na mwenye gari anabadilisha beringi bila kuitazama heksi. Kwa hiyo kila ukifungua, tazama mfereji wa heksi: kuta zake ziwe wima na pini ikae bila kucheza. Heksi za aluminiamu haziliwi namna hiyo.

Kaza nati mpaka gurudumu lishike, kisha zungusha. Gurudumu lililozunguka vizuri nati ikiwa nusu na kuwa zito nati ikikazwa lina sababu mojawapo kati ya hizi: beringi haijagota, washa zimezidi, heksi imeliwa, au bomba dogo la kati linalotenganisha beringi mbili (kwa magari yenye nalo) limesahaulika mezani. Kulegeza nati ili gurudumu lizunguke si suluhisho. Nati yenye nailoni ikianza kuzunguka kwa vidole, badilisha. Na ncha ya ekseli lazima itokeze kupita ile nailoni.

Baada ya maji

Gari lililopita maji halilali hivyo. Liinue, zungusha magurudumu kwa mwendo wa taratibu sekunde 20 au 30 ili maji yatoke. Usikanyage mwendo wote hewani: tairi zinavimba, na difu inaumia. Toa magurudumu, futa, puliza upepo kwenye habu kutoka nje kwenda ndani bila kuelekeza mdomo wa kompresa kwenye sili, tia dawa ya kuondoa unyevu. Siku hiyo au inayofuata fungua beringi na utie grisi mpya. Chuma cha kawaida cha beringi huanza kushika kutu ndani ya usiku mmoja. Maji ya chumvi ni balaa zaidi. Suuza kwa maji baridi safi kwanza, kisha fuata hatua hizo. Kwa gari la vumbi kavu, ukaguzi wa vidole kila baada ya betri kumi hivi unatosha.

Beringi ileile ikifa tena na tena

Acha kununua beringi na utafute sababu. Ya kwanza ni ekseli iliyopinda: iviringishe juu ya kioo, mwanga ukipita chini yake kwa vipindi, imepinda. Ya pili ni tundu la habu. Kwa habu ya plastiki, badilisha habu. Ukanda wa karatasi ya aluminiamu kuzunguka beringi utakufikisha mwisho wa siku na si zaidi. Kwa ya aluminiamu iliyolegea kidogo, ile gundi ya kijani ya kushikilia beringi inasaidia, ikipakwa ringi ya nje pekee. Ya tatu ni shafti: pini zake zikila mifereji kwenye vikombe vya difu, shafti inakwama saspensheni ikibonyea na kuisukuma ekseli ubavuni. Pitisha kidole ndani ya kikombe. Mfereji unaoshika ukucha unatosha kuleta shida hiyo. Krosi ya shafti (kiungo chake cha umbo la msalaba) nayo inataka grisi nzito kidogo na skrubu yake gundi ya bluu.

Kuhusu beringi za seramiki: gololi zake hazishiki kutu, lakini kwa kawaida ringi bado ni za chuma na zinashika. Kwenye mota zina nafasi yake. Kwenye habu za gari la matope, 2RS za kawaida zinazobadilishwa mara nyingi zinashinda.

Magari ya injini yana beringi moja ya kutazamwa kila ukimaliza kuendesha, ile ya ndani ya kengele ya klachi. Inakaa kwenye joto na vumbi la viatu vya klachi, grisi haidumu hapo, na ikisambaratika kengele inapinda na kula gia kubwa. Toa kengele, futa vumbi, tia tone moja la mafuta, zungusha kwa kidole. Ikikwaruza hata kidogo, weka mpya kabla ya kuwasha injini tena.